Mtumbwi Uliofudikizwa

Driwaru alizaliwa Aroi, karibu na Arua, penye udongo mwekundu na mawe tele. Igga alipomwoa akampeleka kisiwani, katikati ya Nile: ukanda wa mchanga na mafunjo, nyumba tano, mtumbwi mmoja. Jiwe la kuinjikia chungu hulipati, unaagiza ng'ambo. Ukichimba kidogo tu, maji haya hapa. Wanakula samaki na muhogo, wanakunywa ya mtoni, na mvua ikizidi, choo na mto vinakuwa kitu kimoja. Haya, ndiyo maisha.

Mzee Sebit, baba yake Igga, alifariki wakati wa mafuriko. Desturi ya pale, mtumbwi unafudikizwa mchangani, hakuna kutoka wala kuingia mpaka maiti izikwe. Kumbe kuzika nako kukawa shughuli! Walichimba nyuma ya nyumba, shimo likajaa maji. Wakahamia penye mwinuko, likajaa vilevile. Nani atamzamisha baba yake kama nyavu?

Ndipo Peace, binti yao, akaanza kuhara na kutapika. Kufikia mchana macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila chozi.

"Baba Peace, mutoto iko nakufa," Driwaru alisema.

"Mzee iko bado ndani, Mama Peace. Ngoja tupate pahali kavu."

Pakavu wapi, jamani! Driwaru hakungoja. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kuuinua mtumbwi peke yake, ukamshinda. Mikono mingine ikashika upande wa pili. Alikuwa Viktoria, mama mkwe wake, mjane mwenyewe.

"Enda, mwanangu," alisema Viktoria. "Mzee akikasirika, atakasirika na mimi."

Driwaru alipiga kafi, akaufunga mtumbwi ng'ambo, akapanda bodaboda hadi hospitali Arua. Peace akatundikiwa dripu. Kesho yake mtoto akafumbua macho, akaomba uji. Driwaru alilia kwa furaha mbele ya wodi nzima, wala hakuona haya.

Simu ikalia. Igga.

"Mama iko natapika tangu asubuhi. Leta mtumbwi."

"Ambia wavuvi wa ng'ambo wamvushe!"

"Yote iko nakataa. Iko nasema Mzee bado haijazikwa, hawawezi kushika mtumbwi hiyo, wala kuleta yao."

Driwaru alisimama, akaketi, akasimama tena. Mtoni ni mbali, na dripu ya Peace ilikuwa bado haijaisha. Nyuma ya sauti ya Igga alimsikia Viktoria akiomba maji.