Kodi Nzima, Nusu Siku

Watu wakisikia nilifanya kazi kiwanda cha pamba hudhani nitawasimulia hasira. Hasira nilikuwa nayo, sikatai. Lakini ilinijia jioni, nimeshaosha miguu, na saa hizo hata nguvu ya kukasirika sikuwa nayo. Nilikuwa nalala tu.

Mume wangu alikufa akaniachia mtoto mchanga wa kike na nyumba moja ya nyasi karibu na Dunga. Serikali ilitoza kodi kwa kila nyumba, na nyumba ya mjane ilihesabiwa sawa na nyumba ya mtu mwingine yeyote. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaniambia bila kuzunguka, "Nikikulipia kodi, nyumba ni yangu, na wewe umo ndani." Kurithiwa ni desturi yetu, na wako waliorithiwa wakaishi vizuri. Huyu mimi sikumtaka. Alikuwa na wake wawili na wote walikuwa wamekonda. Nikamjibu, "Asante, shemeji, nitajilipia mwenyewe." Alicheka mpaka akakohoa.

Nikaenda mjini Kisumu, kwa Mhindi mmoja mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Wanawake tulikaa chini kwenye mikeka, tukitenga pamba nyeupe na ile yenye madoa tuliyoiita fifi, vumbi limetujaa puani. Wanaume walibeba magunia. Kila mtu alikuwa na tiki yake, karatasi yenye miraba thelathini, na kila jioni karani alitia alama. Miraba ikijaa, unalipwa. Mwanamume akifanya kazi siku moja alipata msalaba kamili. Mwanamke alipata mstari mmoja uliolala upande, na kesho yake karani anaukata kwa mstari wa pili, ndipo ukawa msalaba. Yaani siku zangu mbili ni siku moja ya mwanamume. Na asubuhi tulikuwa tunaingia lango moja, kengele ile ile ikitufungulia jioni.

Mvua zilipoanza, wabebaji wengi walirudi makwao kulima. Mnyapara akatuinua kwenye mikeka. "Haya, akina mama, magunia hayo!" Tukabeba majuma mawili. Mtoto nilimwacha na mama mmoja mzee aliyebaki akichambua, na nikimsikia analia, maziwa yalikuwa yananitoka na kunilowesha leso huku gunia liko kichwani. Shingo ilivimba. Mpaka leo nikigeuka upande wa kushoto naisikia.

Jumamosi nikamwonyesha mnyapara tiki yangu. Mstari mmoja, mstari mmoja, vilevile.

"Bwana, yale magunia tuliyobeba yalikuwa nusu?"

"Yalikuwa mazima."

"Mbona siku ni nusu?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko tusi. "Mama, mwanamume ana watu wa kulisha. Wewe unalishwa na mume."

"Mume wangu yuko kaburini."

"Basi utapata mwingine," akasema, akamwita anayefuata.

Wanawake wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Yawa, ningefanya nini? Jumatatu nikarudi. Miraba yangu ilijaa mwezi wangu wa tatu kiwandani ukiwa umeanza, na fedha niliyopewa ilitosha kodi, ikabaki kidogo sana.

Siku ya kodi, karani wa serikali aliweka meza nje ya boma la chifu. Nilifika mapema, fedha nimezifunga kwenye pindo la leso, najiona mtu. Kumbe baba mkwe wangu alikuwa amekaa na wazee karibu kabisa na ile meza. Kwetu mke wa mwana hampiti baba mkwe wake karibu namna ile, mbele ya watu. Nikasimama mbali. Foleni ikasogea, mimi nimesimama tu. Jua likapanda.

Shemeji akanijia, mpole ajabu. "Nipe nikufikishie. Nitamwambia ni za nyumba yako."

Nikaona wazee wananitazama. Nikafungua pindo, nikampa. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa adabu.

Aliporudi na stakabadhi nilimwomba niishike. Hakujua kwamba kabla ya kuolewa nilifundishwa kusoma kidogo kwa wamishonari. Nikafuata herufi kwa kidole, moja moja. Palipoandikwa mwenye nyumba palikuwa na jina lake.

"Karani aliuliza nyumba ni ya nani," akasema, akiichukua tena. "Ulitaka nitaje mwanamke?"

Niliwangoja wazee waondoke, nikamfuata karani akifunga vitabu vyake. Nikamweleza yote, nikamwonyesha na shingo. Alinisikiliza, si mtu mbaya. "Fedha ilitoka mkono wa nani?" akauliza. Nikasema mkono wa shemeji, lakini kazi ni yangu. "Mimi naandika mkono, mama," akasema, akafunga sanduku.

Nyumbani sikulia. Nilitaka kulia, machozi yakagoma.

Siku ya tatu shemeji alikuja na blanketi lake na kigoda chake. Akaketi mlangoni, stakabadhi ikichungulia kutoka mfuko wa shati, akauliza kama chakula kimeiva. Nikampakulia samaki mzima, ngege yule niliyemnunua kwa fedha iliyobaki ya tiki.