Jogoo wa Manyoya Yaliyojikunja

Mwaka wa kwanza baada ya Uhuru nilikuwa msichana wa kidato cha tatu, na kwetu Shinyalu tulikuwa na jogoo aliyeonekana kama ametoka kupigwa na kimbunga. Manyoya yake yote yalijikunja kuelekea kichwani. Ndugu zake walioanguliwa naye walikuwa laini kama kuku wa kila boma. Majirani walisema atatuletea balaa, na Mama alishapanga kumpika siku shangazi yangu atakapokuja kututembelea.

Juma hilohilo mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha jinsi wazazi wanavyorithisha maumbile. Nilimfuata nje ya darasa nikamweleza habari za jogoo.

"Asichinjwe," alisema, macho yamemtoka. "Huenda kuna kitu kidogo kilibadilika ndani ya mbegu iliyomzaa. Mwache apande tetea laini. Kama nimekisia sawa, karibu nusu ya vifaranga watafanana naye."

Nilimsihi Mama siku mbili. "Haya," alisema mwishowe. "Lakini shangazi yako akila obusuma na mboga za majani tu, wewe ndiwe utakayemweleza."

Nilimweleza, ugali na mboga vikiwa mbele yake. Hakufurahi.

Tetea aliangua vifaranga tisa, wote wenye malaika mororo mwilini, nami nikakata tamaa. Kisha manyoya ya mabawa yakaanza kuchomoza. Kila asubuhi niliwashika mmoja mmoja nikiyachunguza. Watano walijikunja, wanne walikuwa laini. Siku hiyo nilifika shuleni kabla ya kengele, nikihema.

"Sasa subiri matetea waliojikunja wakue, uwapandishe na jogoo aliyejikunja," mwalimu alisema. "Atakayerithi badiliko hilo kutoka pande zote mbili atakuwa karibu uchi."

Ilinibidi kungoja miezi. Safari hii walitoka saba, na manyoya yalipoota wakawa mmoja laini, wanne waliojikunja, na wawili wenye ngozi nyekundu na vinyoya vya kuhesabika. Mwalimu alikuja kwa baiskeli kutoka mjini, akachuchumaa kwenye tope la uani na suruali yake nzuri, akicheka peke yake.

"Mbona laini ni mmoja tu?" nilimuuliza.

"Safari hii wazazi wote wawili wamejikunja, na kila yai linapata bahati yake upya. Ndiyo maana hata nyinyi wa tumbo moja hamfanani."

Mvua za masika zilipoleta baridi, Mama ndiye aliyewaingiza wale wawili jikoni, akawafunika kwa sweta kuukuu karibu na mafiga. Mmoja alikufa. Mwingine aliishi, akawa anamfuata Mama kila aendako.

Jioni moja tukila, Mama alitutazama sisi watoto sita kwa zamu, kama anayetuona mara ya kwanza.

"Wewe una pua ya baba yangu," aliniambia. Kisha akamgeukia kitinda mimba. "Lakini huyu, macho haya ya rangi ya asali kayatoa wapi?"

"Nimuulize mwalimu?"

"Muulize kesho," alisema. "Usisahau."