Benchi Mbili Kando ya Feri ya Mbita

Nitawaambia ukweli: likizo yangu haikuwa likizo. Nilifunga duka langu la unga pale Otonglo wiki nzima ili mimi na mke wangu Akinyi twende Mbita tumbembeleze mama yake aje kukaa nasi Kisumu. Mama ana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguu kimekataa kupona. Daktari wa huko alisema kisafishwe mara kwa mara katika hospitali kubwa, la sivyo mguu utakatwa.

Wiki nzima akakataa. Kwa mila za kabila lao, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Mimi ni Mkikuyu, lakini nimezaliwa Kisumu na mambo hayo nayajua. Hata mimi sikulala kwake. Nililala gesti karibu na feri, nikipigana na mbu.

Siku ya mwisho, saa moja asubuhi, nikabeba mkoba wangu hadi kibanda cha chai kilichotazamana na gati la feri. Akinyi alikuwa ameshafika na mama, ambaye alikuja kutusindikiza tu, akichechemea. Mama akachagua benchi ya mbali na kunipa mgongo, kwa heshima. Kwa hiyo Akinyi akawa ndiye wa kubeba maneno, ingawa tulisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie chumba cha Njeri kiko wazi," nikasema. Njeri ni binti yetu, yuko shule ya bweni.

Kabla Akinyi hajainuka, mama akaujibu ukuta: "Mwambie hicho chumba kiko ndani ya nyumba yake."

"Mwambie dunia imebadilika."

"Muulize kama chira nayo imeambiwa."

Chira ni ile laana inayomfuata anayevunja mwiko. Mwenye kibanda alicheka hadi chai ikamwagika. Mimi sikucheka, nilikuwa nimechoka mno.

Saa nne feri ikaja, ikapakia watu na magari, ikaondoka bila sisi. Akinyi alikataa kupanda. Jua likakolea, bati la kibanda likaanza kulialia, na mimi nikaanza kuhesabu wateja niliowapoteza kwa ajili ya mtu asiyetaka kusaidiwa. Uvumilivu ukaniishia.

"Mwambie basi akae na ukaidi wake," nikasema kwa sauti. "Mguu ukikatwa asitulaumu."

Akinyi akaketi kwenye mkoba, katikati ya benchi zetu mbili, akalia. Mama hakugeuka.

"Mguu ni wangu," akasema polepole. "Mimi naweza tembea na fimbo. Lakini chira haikuji kwangu. Inaenda kwa Akinyi na kwa huyo mtoto. Sasa nizike watu sababu ya mguu?"

Niliona aibu, tena aibu kubwa. Siku saba nimemwita mkaidi, kumbe alikuwa anatuogopea sisi. Ningeweza kumwambia kwamba mimi chira siiamini, lakini hilo lingemsaidia nani?

"Mwambie nitahama mimi," nikasema. "Nyuma ya duka kuna stoo. Nitalala huko mpaka kidonda kikauke. Nyumba ibaki ya Akinyi."

Akinyi akafuta machozi. "Hiyo inaweza chukua miezi, Baba Njeri. Na huo mgongo wako?"

"Utazoea."

Mama akauliza, "Na kitanda chake je?"

Kitanda changu kikibaki mle, kwake ni kama bado nalala humo. Hapo hapo nikampigia simu jirani yetu wa Mamboleo, tunakoishi, aliyebaki na ufunguo, nikamwomba akitoe kitanda changu leo leo akiweke kwake. Akauliza kama tumeachana na mke wangu. Nikamwambia atoe tu kitanda.

Mama akamtuma Akinyi nyumbani kuleta nguo zake. Tukabaki sisi wawili, migongo ikitazamana, bila mjumbe, karibu saa nzima.

Saa nane tukapanda feri. Upande wa pili, Luanda Kotieno, tulipata gari hadi Bondo, na pale tukabadilisha la Kisumu. Mama aliketi mbele na dereva, mguu ameunyoosha, akalala karibu njia yote. Akinyi naye alilala begani kwangu. Mimi niliwaza magunia nitakayoyapanga yawe godoro.

Saa kumi na mbili jioni gari likasimama Otonglo. Wao walikuwa wanaendelea hadi Mamboleo. Nikashuka na mkoba wangu, na mimi niliyeondoka kwenda kumhamisha mwingine nikajikuta ndiye niliyehama. Gari lilikuwa linaanza kutembea mama alipomgusa dereva mkono lisimame. Hakunitazama. Aliangalia barabara mbele, na hakumtuma Akinyi.

"Baba Njeri," akasema. "Funga mlango vizuri. Na ukule."

"Nimesikia, mama," nikajibu.