Vyura wa Lamboni

Juzi mwanafunzi wangu mmoja hapa Bariadi alikuja na maji ya kunywa kwenye chupa ya dawa ya pamba. Nilimwita mezani, nikiwa nimechoka hata kabla ya kufungua mdomo.

Harufu ya chupa ile, kali, ya kukaa kooni, ilinirudisha kwetu, utotoni. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kufika kijijini, na dawa ikawa inauzwa gulioni kando ya chumvi. Mchana mmoja baba alitoka shambani akasuuzia bomba lake la kupulizia dawa kwenye lambo, bwawa letu la maji. Nilipokwenda kuchota maji, vyura walikuwa wanaelea, matumbo juu.

“Mayu, vyura wamefanyaje?” nilimuuliza mama, aliyekuwa akipalilia karibu.

“Dawa ya baba yako,” alijibu bila kuinuka.

Shuleni, kwenye sayansi, tulifundishwa kuangalia, kukisia, kisha kusubiri matokeo. Mimi nilikuwa nimeshaona: nikiugua malaria nilipewa dawa, nikalala fofofo, nikaamka mzima. Nikakisia kwamba vyura nao walikuwa wagonjwa. Nikakaa ukingoni kusubiri waamke waanze kelele zao za jioni. Ng'ombe walirudi zizini, giza likaingia, lambo likabaki kimya. Nikadhani dozi ilikuwa kubwa.

Sasa ninafundisha somo lilelile, na sauti imeanza kunikauka. Nilimuuliza yule mtoto chupa ilikuwa na nini kabla ya maji. Alitabasamu, kama anayenionea huruma.

“Usiogope, mwalimu. Ilikuwa na dawa tu.”