Viazi Vyenye Upara Mau Narok

Niliondoka Nakuru kwa sababu ya swali moja lililonishinda. Mwalimu mkuu wa shule ndogo ya chekechea hapa mtaani kwetu Free Area alinipigia simu kuuliza kama nataka darasa. "Fikiria, mwalimu, uniambie Jumatatu," alisema. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikaa kitandani nikahisi uchovu tu. Shule mbili zilikuwa zimefungwa nikifundisha ndani yake, ya pili katikati ya muhula, watoto wangu wakiwa bado wanababaisha herufi. Tangu hapo niliendelea kwenda kanisani na kuimba, lakini nikiomba nilishukuru tu, sikuomba kitu chochote chenye kesho ndani yake. Mama aliliona hilo, akanituma kwa dada yake, Tata Wangari, nikapumzishe kichwa.

Ijumaa asubuhi nilipata nafasi ndani ya lori dogo, kanta, iliyokuwa imeshusha viazi sokoni na sasa inarudi Mau Narok tupu. Dereva alikuwa mzee wa kanisa la Tata. Baada ya Njoro barabara ilianza kupanda, baridi ikaingia dirishani, na mashamba ya ngano yakatandazika pande zote mbili, yamelimwa tayari, yakingoja mvua. Ni mahali pazuri. Nalisema kwa haki tu, maana siku hiyo uzuri haukunifikia.

"Umekuja kupanda na sisi, mwalimu?" dereva aliuliza.

"Nimekuja kupumzika, mzee."

"Basi umekosea wiki. Jumapili tunaombea mbegu."

Alinieleza. Kila mwaka kabla ya mvua, kila nyumba hupeleka kanisani beseni la viazi vya mbegu. Pasta hupita akimuuliza kila mtu anapandia nini, na mtu husema mbele ya wote: karo, ng'ombe, nyumba. Nilisikiliza nikashukuru kwamba mimi sina shamba.

Tulifika saa sita. Tata alinikumbatia kwa muda mrefu, akaniwekea chai, akanisimulia habari za msimu uliopita bila kuinua sauti. Baridi ya usiku mmoja ilikuwa imechoma shamba lake lote, majani yakaamka meusi. Alikuwa amepandia mabati, ili atoe yale yanayovuja. Bado yalikuwa yanavuja.

Jumamosi Tata alienda kwenye mkutano wa akina mama, nami nikataka arudi akute amepunguziwa kazi. Ndani ya stoo, penye mwanga hafifu, nilikuta makreti ya viazi vidogo vilivyotoa machipukizi mafupi, manene. Mjini kiazi kikichipua tunasema kimezeeka, tunakwanyua machipukizi na kukiwahi kabla hakijaharibika. Nilikaa chini nikavikwanyua vyote, kreti baada ya kreti, nikavifuta mpaka vikang'aa. Niliimba hata. Ilikuwa imepita siku nyingi tangu nijione nina faida.

Tata aliporudi alisimama mlangoni, akaweka mfuko wake chini polepole.

"Njeri, hizo ni mbegu. Nilikuwa nangojea zitoe hivyo ndio nipande."

"Zitatoa tena?"

"Zingine. Lakini zitachelewa, na mvua haitaningoja."

Aliokota mfuko wake akaingia jikoni. Ningependa anigombeze. Usiku nilisikiliza upepo kwenye mabati yale nikajiambia kwamba kila ninachokigusa kinafungwa, na kwamba Mungu analijua hilo, ndiyo maana ameninyamazia.

Jumapili Tata alivitia viazi vilevile ndani ya beseni, tukaenda. Mabeseni ya wengine yalijaa machipukizi, viazi vyetu vilikuwa na upara. Watu walitazama, wakageuza macho kwa adabu, na adabu hiyo ilinichoma zaidi. Pasta alifika kwetu.

"Mama, mwaka huu unapandia nini?"

"Mwaka jana nilisema mabati, baridi ikachoma," Tata alijibu. "Nasema tena mabati. Na huyu msichana wangu ako na mkono kwa hii beseni. Muulize yeye pia."

Nilimkasirikia Tata. Nilimkasirikia na Mungu, aliyejua vizuri nilichokitaka na akaacha kifungwe mara mbili. Kanisa lilingoja.

"Nataka kufundisha," nilisema.

"Sema Mungu asikie, mami," alisema mama mmoja nyuma yangu.

"Nataka kufundisha watoto mpaka wajue kusoma."

 Walisema amina, ileile waliyoyasemea mabati, na pasta akaenda kwenye beseni lingine.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza Tata mbona amenifanyia vile.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Kupanda ni mikono tu. Kusema tena na ulishachomwa, hiyo ndio ngumu."

Jumatatu asubuhi aliniwekea kiazi kimoja chenye upara mkobani, nikapanda kanta ileile, safari hii ikiwa na mzigo wa kabeji. Hata kabla hatujafika Njoro nilimpigia mwalimu mkuu, woga usije ukanirudia.

"Ninataka darasa, mwalimu."

"Aki pole. Najua nilikupa mpaka leo, lakini ulivyonyamaza nilidhani hutaki. Tulichukua mtu jana."

Nililia mpaka Nakuru. Mzee aliendesha bila kunihubiria, na kwa hilo ninamshukuru.

Mama aliniuliza nimerudi na nini. Nimerudi na maumivu. Zile shule mbili zilipofungwa sikulia, nilijikunja tu nikaacha kutaka. Sasa nimetaka kwa mdomo wangu, mbele ya Mungu na mabeseni ya watu, nikanyimwa, na inauma kama kitu kilicho hai.

Kiazi kiko dirishani. Hakijatoa kitu. Kila asubuhi nakigeuza, nasema kwa sauti kwamba nataka kufundisha, kisha navaa viatu niende kubisha hodi shule nyingine, na bado naogopa.