Mume Wangu Amegawa Jiwe la Kaburi la Mama

Admin, asalaam aleikum. Nakuomba jina langu ulifiche, maana mume wangu ni mfuasi wa ukurasa huu, tena hupenda kushauri ndoa za watu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 42, naishi Mombasa. Kwetu ni Chovai, kisiwa cha Wabajuni huko kusini mwa Kismayo. Mama alifariki nikiwa mdogo, wiki ile ile watu wa kisiwa walipokuwa wanakimbia vita. Walikufa watatu, wakazikwa haraka haraka mstari mmoja, kila kaburi kipande cha tumbawe kichwani. Chovai ni tumbawe tupu, jeupe kila uendako. Baba akaona tutampoteza mama katika weupe huo. Akachukua jiwe jeusi lenye vitundu alilomletea zamani kutoka kisiwa cha Ngazidja, kwenye mlima wa volkano, ambalo mama alikuwa akisugulia nyayo. Mwenyewe alikuwa akiliita jiwe la mocho. Mocho kwa Kibajuni ni moto. Baba akaliweka kichwani pa mama, tukaondoka.

Mume wangu si Mbajuni, ni mtu wa Mombasa. Miaka ya nyuma alikuwa akitembeza watalii kwa baiskeli Ngazidja, wakizunguka pwani chini ya ule mlima wa volkano, wakiona makaburi ya masultani. Mwaka jana nilimpeleka Chovai kumzuru mama. Nikamwonyesha lile jiwe na kumweleza yote huku nalia, naye akanishika bega. Nikajiona nimepata mume. Kumbe mwenzangu alikuwa anaokota hadithi.

Tuliporudi akaanza safari zake: vijana wetu waliozaliwa Ulaya wanafikia Kismayo, wanapanda boti na baiskeli zao, wanazunguka visiwa kuangalia magofu na misikiti ya kale. Sikukataa, hata nilifurahi. Mwezi uliopita akaniambia niende nao, niwapikie. Nikaona ndiyo nafasi ya kumwombea mama tena. Nikaipanda baiskeli na buibui langu, nikawa nyuma ya msafara, mchanga unanishinda, vijana wananicheka na mimi nawacheka.

Tukafika penye msikiti uliobomoka. Mume wangu akashuka, akavaa kofia, akaanza: "Mimi ni mchu wa Chovai! Huu msikichi walijenga mababu zangu!"

Msikichi! Ndugu zangu, sisi kwa mtu husema mchu, lakini si kila "t" inageuka "ch". Hakuna Mbajuni anayesema msikichi. Nikadhani ni utani wa kuchangamsha wageni, nikacheka peke yangu.

Akawapeleka makaburini. Akawaambia mji huu ulifukiwa na volkano. Volkano, Chovai! Kisha akasimama kwenye yale makaburi matatu, akapangusa macho, akasema, "Hapa amelala mama yangu mzazi. Nilikuwa mdogo tukikimbia." Akayasema yote niliyomwambia, mpaka maneno aliyosema baba tukiondoka kaburini, neno kwa neno. Wasichana wawili wakalia. Mama mkwe wangu yuko hai Mombasa, ana kisukari na mdomo mrefu.

Nikatazama chini nimwombee mama angalau, nisione jiwe. Yote matatu yana tumbawe jeupe, yanafanana kama mayai, nami mwaka jana nilitazama jiwe tu, sikukariri kaburi ni la ngapi. Nikamvuta pembeni.

"Jiwe la mama liko wapi?"

"Ah, lile? Kuna msichana wa safari ya kwanza alitaka kumbukumbu ya volkano. Nikampa. Pale nikaweka tumbawe, sikumbuki tena ni kaburi lipi."

"Umempa jiwe la kaburi?"

"Usinipigie kelele mbele ya wageni. Nitakuletea jingine. Ngazidja yamejaa."

Nilienda kutapika nyuma ya ukuta. Sisemi kwa kutia chumvi, nilitapika.

Jioni nikamuuliza shangazi yangu, aliyerudi kisiwani miaka mingi iliyopita, kaburi la mama ni lipi kati ya yale matatu. Akalia. Alikuwa Kismayo siku ya maziko, naye alilijua kwa jiwe tu. Waliozika wote wameshatangulia, baba akiwemo. Akaniuliza, "Mwanangu, mchu gani hutoa jiwe la kaburi?" Mchu huyo nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na tano.

Tangu turudi Mombasa siwezi kula naye sahani moja. Nikiona vidole vyake kwenye wali naona vinang'oa jiwe. Nilimwomba amwandikie yule msichana alirudishe. Akakataa. Eti msichana akijua ukweli atawatangazia wenzake, na safari zitakufa. "Ukimwandikia, umenimaliza mimi na wanao," akasema. Akaongeza kwamba safari ijayo nisimame pale mimi nisimulie, kwa kuwa nalia vizuri zaidi yake.

Namba ya msichana ninayo, nimeinakili kutoka simu ya mume wangu akiwa anaoga. Nilimtumia salamu tu, nikajifanya jamaa wa mwenye safari, nikamuuliza kama jiwe bado analo. Akanijibu kwa furaha na picha. Lipo bafuni kwake, karibu na sabuni. Anasugulia nyayo.

Nilicheka mpaka watoto wakaja kuniangalia, kisha nikalia. Ndivyo alivyokuwa akilitumia mama. Msichana hana kosa, na sijui hata nianzie wapi kumwambia. Nikimwambia, mume wangu anaumbuka na watoto wangu wanakosa chakula. Nikinyamaza, jiwe litaisha kwa kusuguliwa, na mimi nitabaki bila hata hilo, nikisalimia makaburi matatu nikitumaini moja ni la mama.

Ujumbe nimeshauandika, bado kuutuma. Nishaurini kabla hajarudi kutoka msikitini, nifanye nini?