Siku Mtani Alipomwita Baba Kaka

Mlio wa minyororo ikiguswa na kitu chepesi, kisha kimya, bado unanisimamisha njiani. Juzi ulinikuta bondeni, nyuma ya majengo marefu ya Flemingdon Park, mtaa wa ughaibuni nilikokulia. Vijana walikuwa wakirusha visahani vya plastiki kwenye kikapu cha chuma kilichosimama juu ya mlingoti, minyororo ikining'inia kukizunguka kama pazia la shanga. Nilitafuta benchi nikakaa. Arobaini ya baba ilikuwa haijafika.

Yeye ndiye aliyenifundisha mchezo huo. Alikuwa akifua mashuka hotelini, na jioni moja akitoka kazini aliokota kisahani cha rangi ya machungwa majanini, akamkosa mwenyewe, akaanza kukirusha. Unarusha, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena mpaka kiingie kikapuni, halafu unakwenda kwenye kikapu kinachofuata. Hakuna kiingilio wala viatu maalumu. Mama alisema ni kazi ya mchunga mbuzi aliyepoteza mbuzi wote.

Nilikuwa darasa la nne wakati bibi, mama yake baba, alipougua huko Kisarawe akawa wa kitandani. Baba hakuweza kwenda kumwona. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka, na akivuka mpaka asingeruhusiwa kurudi kwetu. Akawa mtu wa kushtuka kila simu ikilia. Chakula alikiacha sahanini. Alipopata likizo mama akamwambia, "Mchukue Mwaju, nendeni na visahani vyenu huko. Simu nitapokea mimi."

Tukashika barabara kuu ya mashariki, gari letu kuukuu likinuka chapati na ile sabuni ya hotelini isiyotoka mikononi mwa baba. Kila mji tuliposimama palikuwa na uwanja wa vikapu: Oshawa, Cobourg, Belleville. Baba alicheza vibaya mno. Kisahani kimoja kilimezwa na mto, akakipigia saluti. Lakini kabla ya kurusha cha kwanza alipiga simu nyumbani. "Mama anaendeleaje?" Alisikiliza, akakunja uso. "Vilevile," aliniambia.

Pale Belleville mama aliongea kuliko kawaida. Alitaka jina la bustani tutakayochezea kesho huko Kingston, akalirudia, akauliza tutafika saa ngapi. Kisha akasisitiza tule vizuri.

Kesho yake tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza, upepo wa ziwa ukitupiga masikioni, teksi ikamshusha Mzee Shabani. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, akiishi ghorofa ya juu yetu, na baba ni Mzaramo, kwa hiyo walikuwa watani. Sikuwahi kuwasikia wakisalimiana kama watu wengine. Mmoja aliitwa mpagazi, mwingine mvivu mpenda ngoma, na lifti nzima ilijua. Nilijiandaa kucheka.

"Aa, mpagazi!" baba akaita. "Leo umebeba mzigo wa nani mpaka huku?"

"Salama, kaka," Mzee Shabani akajibu. "Nimekuja kuwaona mnavyocheza."

Baba akabaki na kisahani mkononi. "Kaka?"

Mzee Shabani akatazama ziwa.

Nilimwuliza kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu, gari lake liko wapi. Akasema leo ataendesha la baba yangu. Niliona ajabu, mtu kuja mbali hivyo kwa basi na teksi ili aendeshe gari letu bovu.

"Basi tumalize uwanja," baba akasema, akamtupia mfuko wa visahani. "Beba, ndiyo kazi ya kwenu."

Sijaona mchezo uliokwenda polepole namna ile. Baba, ambaye hakuwahi kufuta kisahani, sasa alikifuta kwa shati kabla ya kila mrusho, mbele na nyuma. Mzee Shabani akifungua mdomo tu, baba anamwahi: "Babu zako walifika pwani na pembe za ndovu vichwani, wewe mfuko wa plastiki unakutoa jasho?"  Mwenzake alitufuata na mfuko ameukumbatia kifuani, nami nikakasirika kwamba ametuharibia safari.

Kwenye kikapu cha mwisho baba alisimama karibu kiasi cha kuweza kukitia kisahani kwa mkono. Hakukitia. Alisimama tu.

"Mzaramo," Mzee Shabani akasema hatimaye. "Tupia, baba. Mama amechoka kukungoja."

Baba akatupia. Minyororo ikalia. Kisha akakaa kwenye majani, na Mzee Shabani akainama akatoa ufunguo wa gari mfukoni mwa baba.

Tuliporudi, baba alikaa nyuma nami. Mlangoni kwetu viatu vilikuwa vimejaa mpaka kwenye lifti. Humo ndani mtani akarudiwa na ulimi: akawaambia watu bibi amewahi ngoma peponi, amemwacha mwanawe na mashuka ya wazungu. Watu walicheka huku wakilia. Nilimchukia siku ile.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba kwetu aliye kwenye usukani haambiwi msiba, na kwamba baba alijua tangu lile neno kaka. Hakuweza kumwuguza mama yake wala kumzika. Maadamu hakuna aliyesema, mama yake alikuwa bado hai, naye baba akamwongezea vikapu vichache.

Mwezi huu, baba akiwa amelazwa hospitali, nilirudi kwangu, mtaa wa Jane na Finch, kuoga na kubadilisha nguo. Mlango ukagongwa. Mzee Shabani, na mkongojo wake. Tangu utotoni ananiita binti wa mvivu.

"Hujambo, mwanangu?" akasema.

Nilimwamkia. Nikampokea koti, nikamwonyesha kiti, nikabandika maji. Nikachukua tangawizi nikaanza kuimenya, taratibu, kila kifundo. Nyuma yangu nilimsikia akivuta pumzi ya kusema.

"Tangawizi kidogo au nyingi, mzee?"

 Nikasikia mkongojo ukiegemezwa ukutani.

"Nyingi," akasema. "Wala usifanye haraka."